Mthibitishaji wa Kwanza

Napenda kuutangazia umma kwamba Idara ya Mizani na Vipimo imefanikiwa kumaliza kabisa tatizo la watumishi wake kuwa watu wengi.

Msiokaa maofisini hamtalielewa tatizo hili, na siwalaumu, kila mtu na riziki yake. Zamani mtumishi wetu alikuwa mtu mmoja tangu anapoamka mpaka anapofika mezani. Akishawasha kompyuta, mambo yanageuka. Mfumo wa mahudhurio ulimjua kwa jina moja, wa barua pepe kwa jingine, wa mishahara ulimtaka namba, wa stoo haukumtambua mpaka aandike herufi kubwa na alama ya mshangao, na wa leseni ulimlazimisha abadilishe nywila kila mwezi, tena isifanane na ya mwezi uliopita. Hapo sijataja mfumo wa safari wala geti la maegesho. Mhasibu Mkuu, mtu mzima mwenye wajukuu, alibandika vikaratasi vya nywila kuzunguka kioo cha kompyuta yake mpaka kioo chenyewe kikabaki tundu la kuchungulia. Siku feni ilipovipeperusha, mishahara ilisubiri mpaka wafagiaji walipomaliza kuchokoa chini ya makabati.

Hali hiyo haiwezi kuvumiliwa na taasisi inayojiheshimu. Tulikaa vikao, tukaunda kikosi kazi, kikosi kazi kikaenda kujifunza kwa wenzetu wa mbali, kikarudi kimenawiri. Mimi nilikuwa katibu wake. Ndimi Mkuu wa Kitengo cha Utambulisho wa Watumishi, kitengo chenye watu wawili, na mwenzangu yuko masomoni. Wenye wivu wamenibatiza Bwana Nani, kwa sababu nikikutana na mtu kwenye korido swali langu la kwanza huwa ni hilo. Sijali. Kuuliza si ujinga.

Mpango wetu uliitwa Mlango Mmoja. Nywila zote zilifutwa, kwa kuwa utafiti ulionyesha kwamba kitu kinachosahaulika zaidi ofisini ni nywila, kikifuatiwa na mwananchi. Badala yake mtumishi anaandika jina lake mara moja, na mifumo yote inamfungulia. Mtauliza, mfumo unajuaje kwamba ni yeye? Hapo ndipo kikosi kazi kilipoonyesha ukomavu. Tuliona kwamba mtu hawezi kujithibitisha mwenyewe, maana hata mwizi analijua jina la mwenye nyumba. Lazima awepo mtu mwingine wa kusema, "Ndiyo, huyu namjua." Mtu huyo tulimpa cheo cha Mthibitishaji wa Kwanza. Ombi la kila anayetaka kuingia linatokea kwenye mashine yake, anaangalia jina na picha, anabonyeza kidole gumba kwenye kioo kidogo, na mlango unafunguka. Ombi lisipojibiwa upesi, mfumo unachukulia kwamba Mthibitishaji ametekwa. Unafunga kila kitu, na haufunguki mpaka arudi fundi aliyeuleta. Fundi mwenyewe mkataba wake uliisha siku alipomaliza kukaza nyaya, na tangu siku hiyo simu yake haipatikani.

Swali dogo lililobaki lilikuwa nani awe Mthibitishaji. Tulipanga kulijadili kwenye semina hotelini, na Idara nzima ikaalikwa. Fundi, kwa kutojua utaratibu, akaja ofisini siku ileile kufunga mashine, ati kwa sababu ndiyo tarehe iliyoandikwa kwenye mkataba. Akakuta jengo tupu. Kwenye meza ya mapokezi alikuwapo mama mmoja, mpokea wageni, ambaye hakualikwa semina kwa sababu lazima abaki mtu wa kuwaambia wananchi kwamba tuko semina. Fundi akamuuliza kama yeye ni mtumishi. Akasema ndiyo. Akamwambia aweke gumba. Akaweka.

Hivyo ndivyo Mama Mapokezi alivyokuwa mtu anayeaminika kuliko wote Idarani. Tuliporudi kutoka semina, tukiwa na azimio la kuunda kamati ndogo ya kupendekeza majina, mashine ilikuwa imekwisha kukazwa kwa boliti kwenye meza yake na imekataa kusikia la mtu mwingine.

Lazima niseme mfumo ulifanya kazi vizuri mno. Mama alifika kabla yetu sote, akatuthibitisha mmoja mmoja sisi tukiwa ghorofani tumenyoosha miguu. Kwa sababu za kiusalama mfumo ulitusahau kila baada ya muda na kutuombea idhini upya, kwa hiyo gumba lake halikupoa. Mchana alikula kwa kijiko, mkono wa kushoto, wa kulia ukiwa kazini. Kati ya ombi na ombi alipokea wageni, wengi wao wenye maduka na wauza nyama waliokuja na mizani zao kutafuta mhuri, akawaeleza kwa upole kwamba Mkurugenzi Mkuu, ambaye saini yake ndiyo inayoruhusu mhuri kupigwa, yuko safarini. Hakuwahi kukosea kwa kusema hivyo. Kiti cha ngozi cha Mkurugenzi Mkuu mpaka leo hakijavuliwa nailoni ya dukani.

Mambo yaliharibika Mama alipoleta masuala binafsi. Alinidaka asubuhi nikielekea kwenye lifti.

"Mkuu, samahani. Naomba likizo. Binti yangu anakaribia kujifungua."

"Hongera, Mama. Si uombe kwenye mfumo?"

"Nimeomba. Ombi likarudi kwangu hapahapa nijithibitishe. Nikaweka gumba. Mfumo ukaniambia mtu hawezi kujithibitisha mwenyewe."

"Ndiyo msingi wenyewe wa Mlango Mmoja," nilimwambia, na sauti yangu nadhani ilibeba fahari kidogo.

"Sasa mimi nitathibitishwa na nani?"

Swali hilo halikuwamo kwenye ajenda za kikosi kazi. Tuligundua baadaye kwamba Mama alikuwa ndiye mtumishi pekee asiyeweza kuingia kwenye mfumo wowote, na kwamba kwenye mahudhurio alionekana hajafika kazini tangu mashine ikazwe mezani pake. Afisa Utumishi alishauri kwamba mtoro hawezi kuomba likizo, kwa kuwa tayari yuko nayo.

"Mkuu," alisema Mama, huku akimfungulia mtu wa stoo, "nikueleze kama binadamu. Mtoto wa kwanza wa binti yangu alifia tumboni, na binti alikuwa peke yake. Mumewe yuko melini, anarudi mwakani. Safari hii nimemwahidi nitakuwapo. Kila jioni ananipigia ananiuliza, Mama, unakuja? Nimjibuje?"

"Mwambie suala lako liko kwenye mchakato."

Nilimwonea huruma, nakiri, kwa kiwango kinachoruhusiwa na cheo changu.

Kamati ikaketi. Kwa mujibu wa maelezo ya mashine, Mthibitishaji anaweza kumkabidhi mwenzake kazi hiyo, wote wawili wakibonyeza magumba pamoja. Kwa hiyo tulihitaji mtu mmoja tu wa kukaa mapokezi kwa muda. Mhasibu Mkuu alieleza kwamba mgongo wake unahitaji kiti cha magurudumu. Mwanasheria alisema kumkalisha yeye mapokezi ni kumshusha cheo bila kumsikiliza. Mimi nilikumbusha kwamba katibu akiwa mtekelezaji tutakuwa tumeingia kwenye mgongano wa maslahi. Mjumbe mmoja akauliza kama gumba linaweza kubaki Mama akaenda, akaombwa afute kauli. Mwingine alipendekeza binti aje ajifungulie karibu na ofisi, na wazo lilipokelewa vizuri mpaka ilipobainika kwamba binti si mtumishi. Tulikunywa maji ya chupa, tukaazimia kwamba likizo iahirishwe mpaka apatikane mbadala, na binti ashauriwe kuvuta subira.

Nilimpelekea Mama azimio kwa mkono wangu.

"Mimba haisubiri kikao, Mkuu," alisema.

"Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, Mama. Ndiyo maana tumeandika kwa lugha laini."

Akafuta macho kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa unamfungulia Mwanasheria.

Sasa nije kwa Mkurugenzi Mkuu. Alikuwa amerudi kutoka safari moja na anajiandaa kwa nyingine, na katikati hapo akataka kuwaonyesha wakuu wa taasisi rafiki jinsi tulivyopiga hatua. Tukakodi skrini kubwa, tukaifunga ukumbini, wageni wakaketi. Mkurugenzi, mtu wa kimo na mwenye sauti ya kusikika bila kipaza sauti, alizungumza kwa kirefu kuhusu maono yake. Halafu akaandika jina lake kwenye kompyuta, wote tukitazama.

Skrini ikaandika: "Mtu huyu anadai kuwa Mkurugenzi Mkuu. Subiri Mpokea Wageni aamue."

Tukasubiri. Nadhani Mama alikuwa anamjibu mtu mwenye mizani. Kisha skrini ikaandika, kwa rangi ya kijani: "Mpokea Wageni amemkubali."

Mgeni mmoja wa mstari wa mbele akakohoa kikohozi ambacho hakikuwa cha kifua. Jirani yake akauliza, kwa heshima zote, "Na siku akikukataa, Mkurugenzi?"

Baada ya wageni kula na kuondoka, niliitwa ofisini kwake. Alikuwa amesimama.

"Mimi nathibitishwa na mapokezi?"

"Kiitifaki ndiyo, Mkurugenzi."

"Mamlaka katika Idara hii yanatoka wapi?"

"Yanatoka juu, Mkurugenzi."

"Na haya yametoka wapi?"

"Chini, Mkurugenzi. Ukiingia, mkono wa kulia."

Alivuta pumzi kama mtu anayepandisha mzigo ngazi. "Andika waraka. Kuanzia Jumatatu, Mthibitishaji wa Kwanza ni mimi. Kila mtu katika jengo hili atajulikana kwa sababu mimi nimesema anajulikana. Na ili aibu hii isirudi tena, andika kwamba kazi hiyo haitakabidhiwa kamwe kwa mtu wa cheo cha chini kuliko anayeishika. Kamwe. Liingie mpaka ndani ya mashine."

Niliandika. Ulikuwa waraka mzuri, wenye vipengele na vipengele vidogo. Nikamtafuta fundi wa kompyuta wa barabara ya pili, akauingiza kwenye mashine. Alinieleza wazi kwamba yeye anaweza kuongeza kufuli, lakini kulitoa hawezi, kulitoa ni yule aliyeuleta mfumo. Nikamwambia kufuli la mamlaka halina haja ya kutolewa.

Najua mnachotaka kuniuliza. Je, nilijua kwamba mashine imekazwa kwa boliti mapokezi, na kwamba Mthibitishaji hawezi kunyanyuka saa za kazi? Nilijua. Mhasibu Mkuu alijua, Mwanasheria alijua, wafagiaji walijua. Lakini kumweleza bosi jambo ambalo hajauliza ni utovu wa nidhamu, na mimi faili langu ni safi.

Jumatatu ilifanyika hafla. Meza ya mapokezi ilifunikwa kitambaa, utepe ukafungwa, mpiga picha akaletwa. Mama Mapokezi alikuwa amekaa pale na macho mekundu. Binti yake alikuwa ameanza kuhisi uchungu tangu alfajiri na jirani ndiye aliyempeleka hospitali. Mama alilisema hilo kwa kila aliyepita, na kila aliyepita alisema pole.

Hata hivyo, Mkurugenzi alipoinama kuweka gumba, Mama ndiye aliyesema tulichokuwa tumekimeza sote.

"Bosi, nikwambie mapema. Ukishaweka hapa hutoki mpaka ofisi ifungwe. Na kesho hivyohivyo."

"Mama, mimi nazindua tu. Kazi zitafanywa na vijana."

"Vijana mashine haitawakubali, bosi. Waraka umekataza."

"Waraka ni wangu mimi," alisema Mkurugenzi, akimgeukia mpiga picha. "Mashine itafuata. Weka gumba, Mama."

Akaweka. Mkurugenzi naye akaweka. Mashine ikamkaribisha kwa cheo chake kamili, tukapiga makofi. Mama akavuta mkoba kutoka chini ya meza. Ulikuwa umejaa na umefungwa zipu, nadhani ulikaa pale tangu tulipomwambia avute subira.

"Kwa hiyo naweza kwenda?"

"Nenda, Mama, nenda popote," alisema Mkurugenzi, akiwa bado anaangalia kamera.

Alitoka kwa mwendo wa heshima mpaka mlangoni. Kupitia dirisha tulimwona, mtu mzima yule na mkoba begani, akikata uwanja kwa mbio kuelekea barabarani. Hakugeuka nyuma.

Ombi la kwanza liliingia kabla utepe haujaokotwa. Mkurugenzi akatabasamu, akabonyeza. Likaja la pili, la tatu, ghorofa zote zilikuwa zinarudi kazini. Alibonyeza kwa furaha ya mtu aliyepewa king'ora cha gari la polisi. Kisha mpiga picha akasema amemaliza, na Mkurugenzi akanyanyuka. Ombi jingine likaingia, mashine ikaanza kulia. Akaketi, akabonyeza, ikanyamaza. Akanyanyuka tena polepole, upande upande, kana kwamba mashine ingemwona. Ikalia.

"Nani anaendelea hapa?" aliniuliza.

"Wewe, Mkurugenzi. Kwa mujibu wa Waraka."

"Kaa wewe."

Niliweka gumba langu, kwa utii. Mashine ikaandika: "Cheo hakitoshi." Nimekitumikia cheo hiki muda mrefu na sijawahi kuona kikielezwa kwa maneno machache hivyo. Mhasibu Mkuu naye akajaribu, mashine ikamjibu vilevile, akaondoka ameshika mgongo.

"Basi iache ijifunge," alisema Mkurugenzi.

"Ikijifunga, mishahara imefungwa. Safari zako zote zimo humo. Na geti la maegesho, Mkurugenzi. Gari lako liko ndani."

Alikuwa na ndege mchana huo, kwenda kwenye mkutano wa kimataifa kuhusu uwajibikaji. Dereva wake alifika getini kwa wakati, akaomba kufunguliwa, na ombi likatokea kwenye mashine. Mkurugenzi akalitazama. Asipobonyeza, gari haliendi. Ili abonyeze, lazima awe amekaa pale. Akabonyeza, gari likatoka, dereva akasubiri nje kwa adabu, na ndege ikaondoka na watu wengine. Mkuki kwa nguruwe mtamu, wahenga walisema. Walichoongeza baada ya hapo mnakijua.

Muda mfupi baadaye akaingia muuza nyama, amebeba mizani kwapani. Huyu alikuwa mteja wetu wa kudumu, maana tulikuwa tumemrudisha nyumbani mara nyingi mno.

"Habari za leo, kaka. Yule mama wa hapa vipi?"

"Amekwenda likizo," alisema Mkurugenzi.

"Afadhali, alikuwa amechoka. Sasa wewe mpya nisaidie. Namtafuta Mkurugenzi. Saini moja tu, hii mizani ipigwe mhuri. Bucha limefungwa, nyama imeniozea, watoto wananiangalia."

"Mkurugenzi ndiye mimi."

Muuza nyama akamtazama kwa masikitiko. "Kaka, sote tunatafuta maisha. Usinitanie na mimi nina shida."

Mkurugenzi akanyoosha kidole kwenye picha yake iliyotundikwa ukutani, yenye fremu ya dhahabu. Muuza nyama akaiangalia picha, akamwangalia yeye, akaiangalia picha tena.

"Mnafanana kiasi. Ni kaka yako?"

Mimi ndiye niliyelazimika kumthibitisha. Nilisema, "Ndiyo, huyu namjua," na Mkurugenzi Mkuu akanishukuru kwa macho. Halafu, kwa kuwa hakuwa na pa kwenda, wala katibu muhtasi wa kumficha, wala mlango wa kutokea nyuma, akasema, "Lete hiyo karatasi." Akasaini kwa mkono wa kushoto. Saini ilitoka mbaya lakini mhuri ulipigwa, na muuza nyama akasimama pale kidogo akiwa haamini, kisha akaenda kuwaambia watu wote sokoni.

Kesho yake foleni ilianzia getini. Walikuja wauza nafaka, wauza vyuma chakavu, wauza dhahabu, kila mmoja amekumbatia mizani yake, na wote walisema neno moja: wamesikia siku hizi yupo. Mkurugenzi alisaini kwa kushoto na kuthibitisha kwa kulia. Aliwafokea mwanzoni, akagundua kwamba mtu anayefokewa na mpokea wageni humwomba amwitie bosi wake, akaacha. Wale wenzetu wa ghorofani waligundua kitu kingine. Ukiomba kuingia kila baada ya muda mfupi, bosi hapati nafasi ya kupanda kuja kukuangalia. Sijawahi kuona Idara ikiwa na ari ya kuingia kazini kama siku zile.

Tumaini lilikuwa moja. Waraka ulikataza kukabidhi kwa mtu wa chini, haukukataza wa juu, na juu ya Mkurugenzi kulikuwa na mtu mmoja tu, Mwenyekiti mpya wa Bodi. Niliagizwa kumwalika haraka. Alikuja mzee mwembamba, shati limepigwa pasi, amestaafu kazi asiyopenda kuitaja. Alisimama kando ya foleni mikono nyuma, akatazama mizani zikiingia na kutoka, kisha akanikaribia.

"Yule pale ndiye Mkurugenzi Mkuu?"

"Ndiye, Mheshimiwa."

"Tangu niteuliwe nampigia simu simpati. Ameanza lini kufanya kazi?"

"Tangu aliposhindwa kuondoka, Mheshimiwa."

Mkurugenzi alikuwa amekwisha kutuona. "Mwenyekiti, shikamoo. Nakuomba uweke gumba hapa, kidogo tu. Ni suala la kiitifaki."

Mwenyekiti akatia mikono yote miwili mifukoni, magumba ndani. "Nani ameandika waraka huu?"

"Mimi, kwa maelekezo," nilisema.

"Ni waraka mzuri sana. Uendelee. Nitapendekeza na idara nyingine wauige, kila mkuu akae mlangoni kwake." Akaniangalia mimi. "Na wewe mkuu wa utambulisho unakaa wapi?"

"Ghorofa ya nne, Mheshimiwa."

"Huko juu unamtambua nani?"

Nilipewa kigoda pembeni ya meza ya mapokezi, nishike mizani za wananchi wakati wanasainiwa. Nyingine ni nzito. Kama ningeulizwa mapema, ningeshauri kiundwe kikosi kazi kwanza, lakini Mwenyekiti alikuwa na haraka ya kurudi shambani kwake.

Ndiyo maana nilikuwapo pale Mkurugenzi alipompigia simu Mama Mapokezi. Ilikuwa asubuhi, foleni imejaa mpaka nje. Simu aliiweka mezani kwa sauti ya wazi, kwa kuwa mikono yote miwili ilikuwa na kazi.

"Mama, hujambo. Mkurugenzi hapa."

"Sijambo, bosi. Sema polepole, mtoto ndiyo kwanza amelala."

Mkurugenzi Mkuu akashusha sauti. Foleni nayo ikanyamaza, hata mama mmoja muuza mchele aliyekuwa anagombana na jirani yake.

"Ulimuwahi?"

"Nilimuwahi. Nilimshika mkono mpaka mwisho. Ni wa kike, bosi, mzima kabisa, analia kama amesomea."

"Hongera sana, Mama. Na wewe mlezi upumzike." Akabonyeza ombi la stoo, akabonyeza la Mwanasheria. Kisha akainamia simu, kiganja cha kushoto amekikinga mdomoni. "Nina swali moja la kiufundi. Wewe ulipokuwa umekaa hapa kutwa nzima, kila mtu anakuomba. Ukibanwa na haja, ulikuwa unafanyaje?"

Upande wa pili tulisikia mtoto akihema.

"Nilikuwa sinywi chai, bosi," alisema Mama. "Sinywi kitu tangu asubuhi mpaka ofisi ifungwe. Kwani uliwahi kuniona na kikombe?"

Mkurugenzi aligeuka akakitazama kikombe chake, kile kikubwa chenye nembo ya Idara. Alikuwa amekwisha kukimaliza, na saa ya ukutani haikuwa imefika hata saa tatu.